Sikio Ndani ya Gitaa

"Usinipe pole, Shekivuli. Gitaa lako ndilo lililonichongea," Mama Nambua alisema, akalibwaga juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya maranda.

Asubuhi hiyo watu wa kata walikuwa wamelibeba jiko lake la mkaa, ambalo siku hizi ni marufuku. Na kweli, kila gitaa ninalounda lazima nilitie tumboni sikio lao, kile kidude cha kunasia maneno, ndipo wanipigie muhuri wa kuuza. Mtaa mzima unajua. Watu wananunua, halafu wanaenda kupiga soga zao uani.

"Nililitundika jikoni, nikajisahau, nikalisifia jiko langu kwa mdomo huu huu."

Nilifunga mlango wa karakana. Kwa nililotaka kusema wangeweza kunifungia kazi, lakini nikishaitwa mchongezi, nani atanunua gitaa kwangu?

"Jirani, masikio yote nayaziba kwa nta. Hilo halijasikia hata kikohozi. Tia kidole tunduni uone."

Akatia. Kidole kikatoka na nta chini ya ukucha.

"Basi nani? Jikoni siku ile tulikuwa mimi, gitaa, na mkeo aliyekuja kuomba chumvi."

Mlango ukasukumwa taratibu. Mke wangu alikuwa amesimama hapo na upawa mkononi, tangu lini sijui.

"Mbona mmejifungia?" aliuliza, akitabasamu. "Shoga, wali umeiva. Ingia ndani tule."