Pweza Aliyeiba Jua

Pweza alikuwa amekufa ukurasa wa arobaini, na asubuhi hiyo kuna mtu alikuwa amemfufua kwa penseli.

"Mbona mapema hivyo?" yaliuliza maandishi pembeni mwa daftari. "Akifa sasa, watoto watafunga kitabu wakacheze raga. Mwache mpaka mwisho."

Makereta alisonya. Alikuwa mwalimu wa darasa la sita, na kwa miezi minane alikuwa akiandika hadithi ya Vasiti na kaka yake Seru, watoto waliopita mlango wa matumbawe kwenda kumnyang'anya pweza jua aliloliiba. Kulikuwa na shindano la vitabu mjini Suva. Kitabu kitakachoshinda kingefika kila shule ya Fiji. Meli ya kupeleka daftari ilikuwa inaondoka Alhamisi. Leo Jumatatu, na sura ya mwisho haijaandikwa.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba penseli ilisema kweli. Akamrudishia pweza uhai wake.

Mshukiwa alikuwa mmoja tu. Wifi yake Asenaca, mke wa kaka yake Emosi, ndiye aliyekuwa akilichukua daftari kila jioni na kulirudisha asubuhi, huku akijikaribisha mwenyewe chai ya mchaichai.

"Wewe ndiye unayenichafulia kitabu?"

"Kitabu gani? Hicho cha pweza anayemzidi mwandishi wake akili?" Asenaca alichukua andazi la pili. "Mshukuru Mungu kuna mtu anakisoma, wifi. Sura zenyewe ndefu kuliko mahubiri ya mchungaji."

"Mwizi wa maandazi."

"Mchoyo. Ndiyo maana hata pweza wako amekonda."

Wifi ni wifi. Hao wawili wasipotukanana kutwa, kijiji kizima huuliza nani anaumwa.

Mara Emosi akatokea mbele ya nyumba na mzigo wa majimbi. Makereta akainuka akatokea mlango wa nyuma, na Emosi akageuza uso hadi dada yake apite. Hawakuwa na ugomvi. Ni adabu tu: kaka na dada wakishakua hawasemezani, na hao walikuwa hawajasemezana tangu Makereta ana miaka kumi. Akitaka kuni humwambia wifi, na wifi humwambia Emosi. Maisha yanakwenda.

Mwalimu mkuu ndiye aliyemtia wasiwasi. "Maudhui mazuri, wahusika wazuri," alimwambia. "Lakini kaka na dada kupiga domo kama chiriku? Majaji watashangaa. Wafanye mabinamu, mwalimu. Binamu anaruhusiwa kila kitu."

Makereta akachukua kifutio, akaanza kumfuta Seru ukaka wake, ukurasa baada ya ukurasa.

Jumanne penseli ilikuja juu. "Usimguse Seru. Ni kaka, abaki kaka." Na chini yake: "Halafu Vasiti alipoanguka kutoka kwenye mshelisheli hakulia. Alicheka mpaka akatapika."

Makereta akaurudia mstari huo kuusoma. Aliyeanguka alikuwa yeye mwenyewe, utotoni, na kweli alicheka. Kilio alikitia tu ili msomaji amhurumie. Mama na mdomo wake, akawaza. Asenaca aliolewa kutoka kisiwa cha Taveuni, na mti wenyewe ulishakatwa zamani. Nani mwingine angemsimulia?

Akairudisha "kaka" kila mahali alipoifuta.

Jumatano ikabaki sehemu moja. Pweza ameshindwa, mlango wa matumbawe unajifunga, na lazima Seru aushikilie kwa ndani ili Vasiti atoke na jua. Kilichobaki ni kaka kumuaga dada yake. Maneno machache, basi.

Hayakuja. Makereta alijua pweza angesema nini, hata matumbawe angeyapatia maneno. Lakini kaka mtu mzima humwambia nini dada yake? Hakuwahi kusikia. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotegemea, akalia kidogo jikoni akisingizia moshi.

Jioni akaacha mistari mitano mitupu, akamsukumia Asenaca daftari. "Haya, bingwa wa penseli. Mwambie Seru aseme. Asiposema, hakuna kitabu."

Alingoja tusi. Asenaca alilifunga daftari taratibu, akaliweka kifuani.

"Nitafikisha," akasema.

Alhamisi meli ilikuwa imeshapiga honi mara mbili Asenaca alipokuja mbio, sulu yake, kitambaa cha kiunoni, ameishika mkononi asijikwae. Hakugusa chai. Alimpa daftari, akasimama mlangoni akihema.

Makereta akafungua mwisho. Mistari mitano ilikuwa imejaa, na maandishi yameteremka mpaka kwenye jalada.

"Nenda na jua, dada," Seru akasema. "Usidhani nilinyamaza kwa kukosa la kusema. Siku ulipokwenda chuo cha ualimu nilijificha nyuma ya kanisa, nikaitazama meli mpaka ikapotea. Mpaka leo nikisikia watoto wakikuita mwalimu, kifua kinanijaa. Sasa kimbia, mlango usikufungie. Ningeandika zaidi, lakini Asenaca ananigombeza hapa, anasema nisikuloweshee karatasi."