Wawekezaji wa Mashimba

Wawekezaji walisimama, wakampigia vigelegele.

Mashimba alipigwa na bumbuwazi mlangoni mwa ukumbi. Alikuwa amesoma Ulaya, amekaa kwenye mikutano ya wenye pesa Nairobi na Johannesburg, na kote huko watu walipokea mradi kwa kukunja nyuso. Hapa Mwanza, mama mmoja mwenye maboti ya dagaa alikuwa anapunga khanga huku akifuta machozi.

Akatabasamu, akaenda kukaa meza kuu. Alikuwa ameagizwa jambo moja tu: zaidi ya salamu, asifungue mdomo. Aliyemwagiza ni Justa, ambaye hata hakuwa mfanyakazi wake.

Biashara ya Mashimba, ambayo mwenyewe huiita praiviti ekwiti, ni rahisi kuieleza na ngumu kuiuza. Unachukua pesa za watu, unanunua kiwanda kilichodhoofika, unakilisha mpaka kinenepe, na baada ya miaka saba unakiuza mnagawana faida. Wasukuma wanafanya hivyo hivyo kwa ng'ombe, ila ng'ombe unamwona. Mwaka mzima alizunguka Magu na Misungwi akiwaonyesha matajiri michoro ukutani. Walikula keki zake, wakamuuliza habari za nyumbani, akawajibu kwamba yuko yeye na mbwa wake, wakatikisa vichwa na kuondoka. Mwishowe wakubwa wake wa makao makuu, Dar, wakachoka. Apate wawekezaji wa Kanda ya Ziwa kabla mwezi haujaisha, au ofisi ifungwe.

Hapo ndipo Justa alipokuja kuomba kazi. Alikuwa amefundisha sayansikimu sekondari, tena hakuficha. Vijana wawili wa ofisini, wenye shahada za fedha na viatu vyenye ncha, nusura wavunjike mbavu.

"Mama, una uzoefu gani wa kutafuta mtaji?" mmoja aliuliza.

"Mtaani kwetu, Kiseke nzima, hakuna aliyewahi kuninyima mchango. Iwe msiba, ubarikio, harusi, choo cha shule. Nikikupigia simu mara ya pili, unatuma mwenyewe."

"Huo ni mchango, mama. Siyo uwekezaji."

"Tofauti yake ni nini? Kote huko hela yako huioni tena."

Mashimba akacheka kabla hajajizuia.

Justa aliitaka kazi ile kwa moyo wake wote. Miaka nenda rudi alikuwa anawakusanyia watu mamilioni, kisha shughuli ikiisha anarudi nyumbani na sahani ya pilau iliyofunikwa. Alitaka meza yake, mshahara wake, na jina lake mlangoni. Mashimba, ambaye hakuwa na pa kukimbilia, akamwahidi: lete wawekezaji, mkataba wa kudumu ni wako.

Justa akatoa masharti. Vijana wenye shahada wabaki ofisini na michoro yao. Yeye azungumze na watu kwanza, peke yake. Mashimba aingie mwishoni, suti mpya, akae, atabasamu, asihutubie. Na asiombe kuingizwa kwenye kundi la WhatsApp alilofungua.

"Bosi akiwemo, watu hawatambiani," alisema.

Sasa Mashimba alikuwa anajionea mwenyewe. Mzee Luhende, mwenye mashine za kukoboa mpunga Magu, alikuja mpaka mezani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Tulishaanza kukukatia tamaa."

Mashimba akainamisha kichwa. Mwaka mzima wa michoro, mzee alikuwa na haki.

"Ahadi yangu iko pale pale," Luhende aliendelea, kwa sauti ya kusikika na wote, "na juu yake naweka madume matatu."

Mwenye mabasi aliyekaa nyuma yake hakukubali kuaibishwa. Akasimama kutangaza kwamba yeye anatoa mabasi mawili, na dereva, na mafuta. Ukumbi ukalipuka tena. Adoyo, yule mama wa maboti, akaushika mkono wa Mashimba kwa mikono yake yote miwili.

"Mungu ni mwema, mwanangu. Usituangushe tu."

"Sitawaangusha, mama," alijibu Mashimba, akavunja sharti. Hakuna mwekezaji aliyewahi kumwita mwanangu.

Kesho yake aliwaeleza vijana wake kwamba ng'ombe na mabasi ni mtaji usio taslimu, wautafutie thamani. Waliinama kwenye kompyuta zao wakabishana mpaka jioni kama dume la ng'ombe huchakaa kwa mwaka au kwa mwezi.

Ahadi zote zililipwa. Waliochelewa, Justa aliwapigia simu mara ya pili. Dar wakapongeza, wakataka kujua siri ya Kanda ya Ziwa, na kabla mwezi haujakatika pesa yote, mpaka senti ya mwisho, ilikuwa imeingia kwenye kiwanda cha samaki kilichokuwa kinasuasua, na huko ndiko itakakokaa kwa miaka saba.

Mashimba alisaini mkataba wa Justa mbele ya ofisi nzima. Justa aliusoma mara mbili, machozi yakamlengalenga, akaufungia kwenye mkoba. Vijana wenye shahada walipiga makofi ya kulazimishwa.

"Sasa nifundishe, mama," alisema Mashimba. "Mimi nilieleza mwaka mzima, watu wakapiga miayo. Wewe habari ya kusubiri faida miaka saba uliwaambiaje mpaka wakakubali?"

"Faida?" Justa alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Bosi, mimi niliwaambia unaoa. Ukumbi nimeshashika, Desemba kumi na tisa. Wewe tafuta mchumba."