Kindi na Mgeni Aliyekuja Akihema

Kindi alikuwa mtunza mbegu za wanyama wote, na kazi yake aliifanyia nyumbani, katika tundu la mti. Yeye peke yake ndiye aliyejua zilikofukiwa.

Siku moja Panyabuku akabisha hodi huku akihema. “Ndugu mtunza mbegu, Tembo mkuu wetu kanituma. Mbegu zimefukuliwa. Kimbia ukaangalie.”

Kindi alitaka kuchomoka, ila shaka ikamshika, akajiuliza: Mjumbe wa Tembo asijue hata jina langu? Na nikikimbia, nani atakuwa nyuma yangu?

Akakimbia, lakini hadi kwenye shimo la siafu. Akaparura udongo kama anayekagua mbegu, akapanda mtini kutazama.

Panyabuku akatokea kichakani, akachimba kwa pupa. Punde si punde akawa anagaagaa na kujikuna.

“Ndugu mjumbe,” Kindi akamwita kutoka juu, “kamwambie aliyekutuma kwamba walinzi wako kazini.”