Chupa Moja ya Lishe

Asubuhi ile niliinamia hadubini, nikakuta seli zimejaa chupa nzima.

Hazikutakiwa kujaa. Zilikuwa seli za panya zenye kasoro moja: kwenye nyuzi joto thelathini na tatu hugawanyika, kwenye thelathini na tisa, joto la chupa ile, husimama. Kwa miaka minne nilikuwa nikitafuta kinachozisimamisha.

"Hizi si za panya," alisema fundi wa maabara, karatasi ya vipimo mkononi. "Ni za binadamu. Dokta, ulikuwa unazilisha zote kwa chupa moja ya lishe?"

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Sheria ya kwanza ya chumba kile ni kila aina ya seli na chupa yake ya lishe, maji ya kuzikuzia, zisije zikachanganyika. Lakini lishe ilikuwa haba, nikajiambia mara moja tu haitaharibu kitu.

Binadamu aliyekuwa na seli kwenye kabati letu la joto ni mmoja tu: mdogo wangu. Zilikatwa kwenye uvimbe wake wa saratani, naye akacheka. "Chukua, dada. Labda huko kwako zitafundishika kusimama." Mwezi uliofuata tukamzika.

"Itabidi zimwagwe zote," fundi alisema taratibu, akanisogezea klorini ya kuziulia. "Na zile za mdogo wako kabatini pia."

Nilifungua kizibo. Chupa ilikuwa ya moto kiganjani, kama paji la uso wake siku zile za mwisho. Nikairudisha chini ya hadubini, nikachungulia tena. Pale katikati seli moja ilikuwa inajigawa.

"Ngoja," nilimwambia. "Ngoja kwanza imalize."