Chafya ya Nyanya

Bi harusi alikuwa amekwisha kupakwa hina, lakini wimbo wa kumtoa chumbani haukuwepo. Tovuti iliyohifadhi nyimbo za akina mama wa mji ule ilitoweka asubuhi, baada ya seva zake kuungua. Na katika ukoo huo, mwari hatoki bila sauti ya marehemu nyanya yake.

Mwanaheri, mtunza tovuti, akachomoa flashi kwenye shada la funguo zake.

"Nyimbo zote zimo humu. Kila Ijumaa nabana nakala ya tovuti nzima, inakuwa ndogo, naondoka nayo."

"Zote, kwenye kidude hicho?" Bi Rukia, mama wa bi harusi, akashika kiuno. "Umemkamua mama yangu kama nazi! Si kimebaki chicha tu?"

"Nimeikunja tu, wifi, kama unavyokunja kanga sandukuni. Ngoja niikunjue."

Akaichomeka kwenye kompyuta. Mstari wa kijani ukasogea, ukasimama, wanawake wakainama kuutazama. Ukasogea tena mpaka mwisho.

Sauti nzito ya nyanya ikajaa ukumbini. Katikati ya ubeti akapiga chafya, akacheka, akaendelea kuimba, vilevile kama walivyoizoea rekodi ile.

"Jamani, hata chafya yake!" Bi Rukia akapiga kelele, machozi na kicheko pamoja.

Vigelegele vikalipuka. Pazia la chumbani likatikisika, na mguu wenye hina mbichi ukatangulia kizingitini, ukitafuta mdundo.