Beseni la Mchicha

Tangu ardhi ya makaburi ilipokwisha, kila nyumba ilizika kwake, kwenye sanduku la minyoo. Baba mkwe wa Aikande alikuwa roshani, kwenye sanduku refu la mbao lililofunikwa gunia, na watoto walikatazwa kuligusa.

Aikande mwenyewe alitaka mboga tu. Alitafuta beseni kuukuu, akalitoboa chini, akatandika magazeti yaliyolowa, kisha akatia maganda ya ndizi na majani ya chai. Limau na pilipili hakutia, maana minyoo hawapendi. Mama mkwe wake, Bi Ndelilio, akamletea konzi ya minyoo wa kuanzia. Juu yake akasia mbegu, na haukupita muda mchicha ukafunika beseni lote, na leo ndiyo walikuwa wanauonja.

"Minyoo wako wana bidii," alisema Bi Ndelilio, akifuta bakuli kwa tonge la ugali. "Wa mzee wangu walikuwa hivyohivyo."

"Kwani uliwatoa wapi, mama?"

"Ningewatoa wapi tena, mwanangu? Yeye ameshakwisha, wao walikuwa wanashinda na njaa."

Aikande alilirudisha tonge lake bakulini. Alijiziba mdomo kwa kiganja, huku akimtazama mwanawe anavyojiongezea mboga.

Bi Ndelilio hakuliona hilo. Alikuwa ameshanyanyuka, amesimama mlangoni pa roshani, akilipima beseni kwa macho.

"Mwambie mumeo anitafutie sanduku langu," alisema kwa upole. "Mimi ni mrefu kuliko baba yenu, na nimeona kwako hakitupwi kitu."