Chupa ya Maximilla

Askari wa geti alifungua chupa, akanusa, akachovya kidole na kuonja.

"Chumvi," akacheka. "Mzee, Mkubwa ana friji mbili, wewe unamletea maji ya chumvi?"

Wabwire hakucheka. Alisema ni mali ya Mkubwa, anairudisha. Akapita, chupa kwapani, na maneno aliyoyapanga tangu siku ya mazishi ya mkewe. Leo Milimani yote, mtaa wa wakubwa, ingemsikia.

Mkewe, Maximilla, aliuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni Kondele. Utando mweupe ulimwota ndani ya mashavu kama wavu, hata chai ikawa inamchoma. Mikononi vikamtoka vipele vya zambarau, akajikuna mpaka damu. Wateja wakahamia meza ya pili. Kwenye baraza la kijijini kwao, Kisian, alisimama na Wabwire mbele ya Bwana Mark, mkubwa wa afya, akapanua mdomo watu wote wakiona, akaomba kliniki yao iletewe vipimo vya damu.

"Mama, punguza pilipili," Mark alimjibu. "Sukutua na maji ya chumvi, asubuhi na jioni."

Watu wakacheka, wakampigia makofi. Hao wakubwa hata wakipiga chafya wanapigiwa makofi. Vipimo havikuletwa.

Maximilla alisukutua. Alisukutua mpaka tumbo likavimba na macho yakawa manjano. Ndipo daktari mmoja wa mjini akamvuta Wabwire pembeni ya kitanda, akamweleza: mdomo kama ule na vipele kama vile, si kwa kila mtu, lakini wakati mwingine ni ini ndilo linalolia. Homa ya ini aina ya C, virusi kwenye damu. Angepimwa mapema, vidonge vipo na vinaponya.

Neno hilo Wabwire hakumwambia mtu. Alimwekea Mark, aje amtupie usoni.

Sasa Mark alikuwa mezani peke yake, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo vyote, na joto lote lile. Samaki hajaguswa. Pilipili imesukumwa mbali. Chai imepoa kikombeni.

Alipomwona Wabwire alishtuka. Akamfukuza mpishi, akafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe. Anaogopa watu watasikia, Wabwire akawaza. Akavuta pumzi aanze.

Mark alimtangulia, kwa sauti ya chini.

"Wewe ni mume wa yule mama wa Kisian. Yule wa mdomo."

Akafungua kifungo cha mkono wa shati, akapandisha. Vipele vya zambarau, vimekunwa mpaka damu.

"Na mdomoni pia. Hospitali naona aibu, watu wataongea. Ile chumvi, Mzee. Ilimsaidia?"

Wabwire alimtazama sana. Neno la daktari lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi.

Akaweka chupa mezani, akaisogeza karibu na mkono ule.

"Asubuhi na jioni, Mkubwa," akasema. "Na pilipili upunguze."